Nuru ya London na sumu iliyobaki udongoni

Msikilizaji, usiku wa tarehe 31 Disemba 1813, Daraja la Westminster jijini London liliangazwa kwa taa za gesi. Gesi hiyo haikuchimbwa. Ilitengenezwa kiwandani kwa kupasha moto makaa ya mawe ndani ya matanuri yasiyoingiza hewa.

Nuru hiyo iliacha mabaki: lami, amonia na sainaidi. Mengine yaliuzwa, mengine yakavuja na kuzama udongoni.

Katika rasi ya Greenwich, kusini mashariki mwa jiji, kampuni ya South Metropolitan ilianza kujenga kiwanda kikubwa cha gesi katika miaka ya 1880. Mwaka 1949 serikali ilitaifisha sekta ya gesi, na mwaka 1986 ikaibinafsisha. Kufikia wakati huo gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini ilikuwa imechukua nafasi ya makaa. Mwaka 1997 shirika la serikali, English Partnerships, liliinunua ardhi ya Greenwich, na fedha za umma zikatumika kuisafisha. Januari 2000 ukumbi wa Millennium Dome ukafunguliwa hapo.

Aprili mwaka huohuo, sheria mpya ilianza kutumika Uingereza: aliyechafua ardhi ndiye aisafishe. Lakini je, ikiwa aliyechafua hayupo tena?

Swali hilo lilitoka Bawtry, kaskazini mwa nchi, ambako lami ilikutwa chini ya nyumba zilizojengwa palipokuwa na kiwanda cha gesi. Idara ya Mazingira iliidai kampuni ya National Grid Gas, mrithi wa kampuni za zamani. Juni 2007 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, liliamua kwamba mrithi si mchafuzi. Gharama zikabaki kwa umma.

Afrika Mashariki nayo inalijua swali hili. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020, kiwanda kikiwa kimekwisha kufungwa, mahakama iliamuru idara za serikali na makampuni husika walipe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Katika ardhi iliyochafuliwa, mla jana amekwenda zake, na deni analilipa asiyekula. Funzo la London ni kwamba mchafuzi adaiwe angali yupo, moshi wa kiwanda ukiwa bado unaonekana.