Waliokimbilia Dar es Salaam

Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa Oysterbay, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, na mabaki yake hayakurudi kwao mpaka Msumbiji ilipokwisha kupata uhuru. Chama chake kilizaliwa jijini humo Juni 1962. Vijana wa Msumbiji walisoma Kurasini, Temeke, katika taasisi iliyoanzishwa na mkewe, Janet. Kwa Ureno, iliyokuwa ikiitawala Msumbiji, hao wote walikuwa waasi. Tanzania iliwaita wapigania uhuru, ikawapa ofisi, kambi za mafunzo na nafasi redioni.

Sheria ya kimataifa ilikuwa bado haina mahali pa kuwaweka watu wa namna hiyo. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 linampa kila mtu haki ya kuomba hifadhi, lakini haliilazimishi nchi yoyote kuitoa. Mkataba wa Geneva wa 1951 uliandikwa kwa ajili ya majeraha ya Ulaya: ulimtambua mkimbizi kuwa mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wa kisiasa, tena kutokana na mambo yaliyotukia kabla ya Januari 1, 1951. Kikomo hicho cha tarehe kiliondolewa na Itifaki ya 1967. Nguzo kuu ya Mkataba huo ni ibara ya 33: mkimbizi asirudishwe mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini.

Iko pia hifadhi ya ubalozini, iliyozoeleka zaidi Amerika ya Kusini. Mwanasiasa wa Peru, Víctor Raúl Haya de la Torre, aliingia ubalozi wa Colombia mjini Lima mwaka 1949 na hakutoka hadi 1954. Afrika Mashariki ilijifunza hifadhi kwa njia nyingine, ya mtu kuvuka mpaka na kubisha hodi kwa jirani.

Kwa hiyo Afrika ikaandika mkataba wake. Septemba 10, 1969, miezi saba baada ya mazishi ya Mondlane, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliupitisha mjini Addis Ababa. Mkimbizi sasa alikuwa pia mtu aliyeikimbia vita, uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa. Kijiji kizima kingeweza kupokelewa bila kila mtu kuhojiwa peke yake. Mkataba ukatamka kwamba kumpa mtu hifadhi si uadui. Lakini ukaweka sharti zito: mkimbizi asiishambulie nchi mwanachama wa OAU. Ureno na makaburu wa Afrika Kusini hawakuwa wanachama, hivyo FRELIMO na ANC hawakuguswa na katazo hilo.

Uganda ilikuwa mwanachama.

Rais wake, Milton Obote, alipinduliwa Januari 1971, akapokewa na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wake wenye silaha walivuka mpaka kutoka Tanzania kumkabili Idi Amin aliyempindua, wakashindwa vibaya. Mkataba wa Addis Ababa haukuanza kutumika hadi 1974, lakini hatari iliyotajwa ndani yake ilikuwa imekwisha kuonekana.

Kisa cha Hezekiah Ochuka kinauma zaidi. Baada ya kuongoza jaribio la mapinduzi lililoshindwa nchini Kenya, Agosti 1982, alikimbilia Tanzania na kupewa hifadhi. Novemba 1983, nchi hizo mbili zilipofungua mpaka uliokuwa umefungwa tangu 1977, alikabidhiwa Kenya. Tanzania nayo ikapokea watu wake waliotuhumiwa kupanga kumpindua Nyerere. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Mwaka huohuo wa 1983, Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ukarimu wake kwa wakimbizi. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, hifadhi inayoweza kubadilishwa kwa mtu mwingine mpakani ilikuwa imekosa nguzo yake kuu.

Wapo waliokimbilia Dar es Salaam bila kupokewa na yeyote. Warundi walioponea mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walipokua, baadhi waliondoka huko bila kibali wakaja jijini kushona nguo. Mtafiti Marc Sommers aliwakuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakiwa mafundi cherehani, wakificha asili yao kwa hofu ya kugunduliwa. Kitabu chake, *Fear in Bongoland*, kilitoka 2001. Kisheria vijana hao walikuwa na hifadhi, ila hifadhi yenyewe iliishia kwenye mpaka wa makazi yao.

Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 wa kundi hilo la 1972 walipewa uraia wa Tanzania, hatua ambayo nchi chache duniani zimewahi kuichukua kwa wakimbizi wengi kiasi hicho. Waliokuja baadaye kutoka Burundi na Kongo wako chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na anayetaka kutoka kambi ya Nyarugusu kuja Temeke au Kinondoni lazima kwanza apate kibali cha kutoka kambini.