Barabara kuu T3 (Tanzania)

Barabara kuu T3 ni barabara ya kitaifa nchini Tanzania inayoanzia mjini Morogoro na kuelekea kaskazini-magharibi hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Inapita katika mikoa saba: Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga, Geita na Kagera. Inasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS).

Njia

T3 inaanzia Msamvu, inapoachana na barabara ya Iringa na Mbeya. Kisha inapita kata ya Kihonda, ambako wakazi huiita "barabara ya Dodoma", na kuendelea hadi Dumila, Gairo na Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni takriban kilomita 260. Baada ya Dodoma inafuata Manyoni, Singida, mteremko mkali wa Sekenke, Nzega, Isaka, Kahama, Ushirombo na Lusahunga.

Umuhimu

Rwanda na Burundi hazina bahari. Sehemu kubwa ya mizigo yao hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori kupitia barabara hii. Baadhi ya malori huendelea hadi mashariki mwa Kongo.

Udhaifu wa barabara hii uko karibu na mwanzo wake. Kati ya Morogoro na Gairo inavuka mito inayotoka katika milima ya Ukaguru na Nguru, ambayo hufurika ghafla wakati wa masika au mvua kubwa. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Dumila na kukata mawasiliano. Machi 2020 barabara ilikatika tena kwenye daraja la Kiyegeya, wilayani Gairo. Hali hiyo ikitokea, mabasi na malori hukwama pande zote mbili, au huzunguka kwa kupitia Iringa na Mtera. Hivyo daraja moja dogo likivunjika, bidhaa huchelewa hata Kigali. Tangu 2024 abiria wa Dar es Salaam na Dodoma wana njia nyingine, yaani treni ya reli ya kisasa (SGR).

Mpaka wa Rusumo

Rusumo iko wilayani Ngara, penye maporomoko ya mto Kagera. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la hapo kwa muda wa saa 24 hivi. Wengi wao walipokewa katika kambi ya Benaco. Daraja jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa 2016 pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, ambako nchi zote mbili hukagua wasafiri na mizigo mahali pamoja. Hapo madereva hubadili upande wa barabara: Tanzania huendesha kushoto, Rwanda kulia.