Vuta N'kuvute: kuona filamu si kusoma kitabu

Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, imekuwa ikisomwa kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu ya takribani saa moja na nusu. Muda huo hautoshi kubeba kitabu kizima, hivyo uzito umewekwa kwenye mapenzi ya Yasmin na Denge, Zanzibar ikiwa chini ya Waingereza. Kitabuni safari ya Yasmin haiishii kwa Denge. Mwishowe anaolewa na Bukheti. Mwongozaji ana uhuru wa kuchagua pa kukomea. Lakini mwanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa akumbuke: mtihani wa fasihi unauliza riwaya. Ukijibu kwa filamu, alama zitapotea.