Hatari Iko kwenye Foleni: Kipindi cha Michezo katika Darasa la Wanafunzi Sitini

Katika shule nyingi za Tanzania, mjadala wa usalama katika kipindi cha michezo huanza siku mtoto anapovunjika mkono, na aghalabu huishia kwenye katazo. Kuruka juu kunafutwa, tufe linafungiwa stoo, wanafunzi wanarudishwa darasani kumalizia hesabu. Nyuma ya katazo hilo ipo imani kwamba kadiri mtoto anavyocheza ndivyo anavyojiweka hatarini, hivyo mwalimu hana budi kuchagua kati ya somo changamfu na somo salama. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Mpangilio unaomnyima mtoto mazoezi ndio huo huo unaomweka hatarini, na ukirekebishwa, mambo yote mawili hutengemaa kwa pamoja.

Tuchukue darasa la wanafunzi 60, idadi ambayo walimu wengi wameizoea tangu elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016. Mpira ni mmoja, kipindi ni cha dakika 40. Tukitoa dakika kumi za kutoka darasani, kujipanga na kurudi, zinabaki 30, yaani sekunde 1,800. Mwalimu anawapanga katika mstari mmoja, na kila mmoja anaukokota mpira kuzunguka vigingi kwa sekunde 20. Hapo zinapatikana zamu 90: kwa wastani kila mwanafunzi anapata zamu moja na nusu, sawa na sekunde 30 za kucheza. Muda wote uliobaki amesimama juani. Na watoto sitini hawawezi kusimama tu. Wanasukumana, wanakanyagana miguu mitupu, mmoja anaokota kijiwe, wawili wanauparamia mlingoti wa goli na kuning'inia. Mwalimu, macho yake yakiwa kwa yule mwenye mpira, hawaoni mpaka asikie kilio.

Jacob Kounin, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu nidhamu darasani, alionyesha kwamba walimu wenye madarasa tulivu hawakuwa na namna bora zaidi ya kukaripia. Walichowazidi wenzao ni kuona kinachoendelea kila upande na kutoacha shughuli ikatike. Uchunguzi wake ulifanyika ndani ya madarasa ya Marekani, lakini kwa maoni yangu unafaa zaidi uwanjani, ambako hakuna dawati la kumshikilia mtoto.

Sasa tuligawe darasa hilo katika vikundi 12 vya watoto watano, kila kikundi na mpira wake wa matambara yaliyofungwa kwa nailoni. Kwa zamu zile zile za sekunde 20, kila mtoto anacheza kwa sekunde 360, yaani dakika sita. Ni mara 12 ya awali, bila kumwomba mkuu wa shule hata shilingi.

Pingamizi linalokuja hapa ni zito: mwalimu mmoja ataviangaliaje vikundi 12? Jibu linaanzia pale anaposimama. Akikaa katikati ya uwanja, nusu ya darasa iko mgongoni mwake. Akitembea pembezoni, uso ukielekea ndani, anawaona wote. La pili ni filimbi. Vipindi viwili vya mwanzo wa muhula vitumike kufundisha jambo moja tu: filimbi ikilia, kila mtu anasimama alipo na mpira unawekwa chini. Walimu wengi huona huko ni kupoteza muda wa mada. Mimi naona ndiyo mada ya kwanza, kwa kuwa darasa lisiloweza kusimama kwa filimbi halifai kupewa tufe.

Jibu la tatu ni kwamba vikundi 12 havimaanishi hatari 12. Shughuli ya hatari iwe moja tu kwa kipindi, na mwalimu awe karibu nayo. Kama ni kurusha tufe, au jiwe badala yake, kikundi kimoja ndicho kinachorusha, wote wakielekea upande mmoja usio na kikundi kingine. Wanaosubiri wanakaa hatua kadhaa nyuma ya mstari. Hakuna anayekwenda kuokota mpaka wote wamalize na filimbi ilie, na wanakwenda kwa kutembea. Vikundi vingine wakati huo viko kwenye kamba au rede. Rede, ambayo wasichana wetu huicheza mtaani bila mwalimu yeyote, inafundisha kulenga, kukwepa na kukadiria kasi ya mpira, na aliyepigwa huumia kidogo sana kwa sababu mpira ni mwepesi. Nashangaa kwamba tunauacha mchezo huu nje ya geti.

Kabla ya hayo yote, uwanja ukaguliwe. Chupa zilizopasuka, visiki, mashimo na miiba huonekana kwa kutembea dakika tano. Goli la chuma lisilofungwa ardhini lisitumike kabisa, maana likimwangukia mtoto linaweza kumuua. Radi ikinguruma, darasa lote liingie ndani na lisitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ushungi uchomekwe vizuri ndani ya nguo badala ya kubanwa kwa pini. Mtoto aliyegongwa kichwa na kuonekana kuchanganyikiwa asirudi mchezoni siku hiyo, hata akiapa kwamba ni mzima, na kifundo kilichoteguka kisivutwe wala kuchuliwa.

Afya ya mtoto mmoja mmoja inataka maelezo zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Mtoto mwenye selimundu akikimbizwa kwenye jua kali bila maji anaweza kupata maumivu makali ya mifupa usiku ule ule, nyumbani, ambako mwalimu hayaoni. Hastahili kuachwa ukutani kila kipindi. Anastahili maji, mapumziko anapoyaomba, na shughuli isiyomchosha kupita kiasi. Hivyo mwalimu anahitaji daftari lenye majina ya wenye selimundu, pumu, kifafa na matatizo ya moyo, lililojazwa kwa msaada wa wazazi na kutunzwa kwa siri. Si orodha ya kusomwa paredi. Naye mwalimu wa taaluma anapopanga ratiba akumbuke kwamba michezo ya saa mbili asubuhi na ya saa saba mchana si somo moja.

Kuna desturi inayobomoa kazi hii yote: adhabu ya mazoezi. Mchelewaji anaruka kichurachura, mpiga kelele anapiga pushapu, darasa zima linazungushwa uwanja. Mwalimu wa zamu huwa hana lile daftari mkononi, hapimi joto na hajui nani ana pumu. Zaidi ya hatari hiyo, anawafundisha watoto kila asubuhi kwamba kuutumikisha mwili ni fedheha, kisha mwenzake wa michezo anategemewa kuwashawishi kinyume chake kwa dakika 40 za wiki.

Mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yana thamani yake, ila kikombe kabatini hakituambii lolote kuhusu wale ambao hawakuchaguliwa. Kipimo bora kipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Daryl Siedentop wa Ohio State University na wenzake walipopendekeza kumfuatilia mwanafunzi na kuandika, kila baada ya muda mfupi, kama anasubiri, anasikiliza au anafanya zoezi. Mthibiti ubora anaweza kufanya hivyo kwa saa ya mkononi. Achague mtoto wa kawaida, asiye nyota wala mgonjwa, ahesabu dakika alizocheza. Namba hiyo iandikwe kwenye sehemu ya tathmini ya andalio la somo, mahali ambapo kwa sasa wengi wetu huandika tu kwamba somo limeeleweka.