Turubai na Hewa: Historia Fupi ya Akiba Iliyo Uwanjani

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Sisi wa Ushirika, tuliotimiza miaka 10 ya kupokea mazao ya wanachama, twajua kuwa akiba ya nafaka huoza upesi ikikosa mlinzi. Kila mwaka wa neema ghala hujaa kabla magunia hayajaisha, na yaliyosalia hulala uwanjani chini ya maturubai. Kwa hiyo yafaa tutazame jinsi wengine walivyokabiliana na jambo hilo.

Wazee wetu walisuka kihenge kwa fito, wakakiinua juu ya mawe au miti na kukiezeka. Kilikuwa kidogo, na hewa ilipita katika kuta zake. Shida ilianza nafaka ilipokusanywa kwa maelfu ya magunia mahali pamoja.

Huko Kano, kaskazini ya Nigeria, katika miaka ya 1950 na 1960, magunia ya karanga yalipangwa mfano wa piramidi, kila moja ikipata magunia 15,000 hivi, yakingoja gari moshi la kwenda pwani. Yalifunikwa kwa maturubai, lakini mlinzi wake mkuu alikuwa kiangazi kirefu cha nchi ile.

Zambia haikuwa na bahati hiyo. Mavuno ya mahindi yalipofikia kiasi cha tani milioni 2.8 mwaka 2010, na tani milioni 3 mwaka 2011, maghala hayakutosha. Mahindi mengi yaliwekwa nje, na sehemu yake ikaoza mvua zilipowasili.

Lakini mvua si adui wa pekee. Nafaka hupumua kama kitu kilicho hai. Joto la ndani ya rundo hupanda pamoja na unyevu. Usiku turubai likipoa, unyevu ule hugeuka matone na kulowesha magunia ya juu. Ndiyo maana nafaka huweza kuoza chini ya turubai lisilo na tundu hata moja.

Wamarekani, wawekao mahindi nje kwa marundo makubwa, hulaza mabomba yenye matundu chini ya rundo na kuvuta hewa kwa feni. Feni hizo hupoza nafaka, na mvuto wake hulibana turubai lisipeperushwe na upepo. Feni ikizimika kwa kukosa matengenezo, nafaka na turubai vyote vimo hatarini.

Hasara yenyewe si ya fedha tu. Kuvu iotayo katika nafaka yenye unyevu huweza kuzaa sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Basi, ndugu wanachama na viongozi, mahindi yaanikwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5 kabla ya kufungwa. Magunia yapangwe juu ya chaga. Turubai litiwe viraka kabla ya mvua, lisiburutwe juu ya changarawe, wala lisikunjwe likiwa bichi. Mchana mkavu lifunuliwe pande zake, na lifungwe kabla ya jua kuchwa. Tena kila rundo liwe na mtu mmoja aliyeandikwa jina lake daftarini kuwa ndiye mlinzi wake. Tukifanya hayo, neno la wahenga litakuwa kweli hata kwa mahindi yetu.