Dawa ya magugu kwenye ngano: haikuanza vitani

Mara nyingi nasoma ati dawa za magugu ni mtoto wa vita vya pili. Mie sikubali, au nakubali nusu.

Mwaka 1896 Bonnet, huko Ufaransa, alionyesha kwamba maji ya mrututu yanaunguza haradali mwitu na kuiacha nafaka. Miaka hiyohiyo Profesa Bolley alikuwa akijaribu mambo hayo North Dakota, kwenye ngano inayopandwa baada ya baridi kwisha. Siri yenyewe ni jani tu: la ngano ni jembamba, limesimama, lina nta, matone yanateleza. La haradali ni pana, linayakinga yote. Basi!

Vita vilileta kitu kingine. Waingereza na Wamarekani, kila mmoja kwa siri yake, walipata kemikali zinazoiga homoni ya mmea. Ile 2,4-D iliingia sokoni Marekani 1945. Gugu la majani mapana hukua ovyo, hujipinda, likafa; ngano huivunjavunja dawa mwilini ikapona. Lakini ipigwe mapema mno au imechelewa, masuke hutoka yamepinda. Na haradali ikishaondoka, shayiri mwitu hujitanua, maana nayo ni jamii ya nyasi, 2,4-D haiigusi.

Klosalfuroni ilikuja 1982, gramu chache tu kwa hekta. Jamaa wakashangilia. Miaka mitano baadaye, 1987, kochia sugu ikaonekana mashambani Kansas.