Usugu wa Bungua wa Mabua dhidi ya Mahindi ya Bt nchini Afrika Kusini: Historia na Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Mahindi ya Bt yalianza kulimwa kibiashara nchini Afrika Kusini mwaka 1998. Yamepandikizwa jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis, hivyo mmea wenyewe hutengeneza protini ya Cry1Ab inayomuua kiwavi anapoila. Teknolojia hiyo ilibuniwa Marekani kupambana na bungua wa huko, Ostrinia nubilalis. Kusini mwa Afrika ilikabidhiwa adui mwingine: Busseola fusca.

Hatari ya usugu ilijulikana tangu awali. Kwa sababu hiyo, mkulima alitakiwa kutenga kimbilio, yaani sehemu ya mahindi ya kawaida: asilimia 5 isiyopuliziwa dawa, au asilimia 20 inayoweza kupuliziwa. Ilitarajiwa kwamba nondo waliokulia kimbilioni wangepandana na nondo wachache wenye usugu, na viwavi watakaozaliwa wangekufa kwa kula mahindi ya Bt.

Mpango huo ulitegemea nguzo mbili, na zote zilitikisika. Ya kwanza ni utekelezaji: katika miaka ya mwanzo wakulima wengi hawakutenga kimbilio ipasavyo. Mwaka 2007 iliripotiwa kwamba viwavi wa eneo la Christiana walikuwa wakiishi juu ya mahindi ya Bt. Baadaye hali hiyo ilibainika pia Vaalharts. Nguzo ya pili ni dhana kwamba usugu hujitokeza pale tu kiwavi anapourithi kwa wazazi wote wawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa Busseola fusca mzazi mmoja alitosha. Kimbilio pekee, hata likitengwa kikamilifu, lisingefanya kazi kama ilivyotarajiwa. Mbegu zenye protini mbili ziliingizwa sokoni.

Bungua huyohuyo hushambulia mahindi ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Kwa mkulima wa ekari moja, asilimia 5 ni takriban mita za mraba 200 anazoombwa kuwaachia wadudu. Sharti la namna hiyo halitatekelezwa kwa kuandikwa tu kwenye mfuko wa mbegu. Linahitaji kuelezwa kwa lugha anayoielewa mkulima, na kabla ya hapo, kupimwa dhidi ya mdudu aliyepo shambani mwake.